Swali la lugha: Kazi imehamishwa nje au imehamishiwa nje?

Swali: Nimesoma sentensi hii katika habari za uchumi: "Kampuni imehamisha kazi nje na ajira zimepotea." Mwenzangu anashikilia kwamba ilipaswa kuwa "imehamishia". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako. Aliyehama India ametoka huko. Aliyehamia India amekwenda kukaa huko. Irabu moja inageuza safari nzima. Kuhamisha na kuhamishia ni vivyo hivyo: "imehamisha huduma kwa wateja" inatosha usipotaja zilikokwenda, lakini ukishataja Ufilipino, andika "imehamishia huduma hizo Ufilipino".

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni hilo neno "nje". Nje ya kampuni au nje ya nchi? Mwaka 1989 Kodak iliikabidhi IBM uendeshaji wa vituo vyake vya kompyuta. Kampuni zote mbili ni za Marekani, na baadhi ya wafanyakazi wa Kodak wakawa wa IBM. Kazi ilitoka nje ya kampuni, haikuvuka mpaka. Kituo cha simu kinapofungwa nchi moja na kufunguliwa nyingine ni habari tofauti kabisa: mshahara uliokuwa ukitumika huku sasa unatumika kule, na uchumi wa pande zote mbili unaguswa. Mwandishi asipofafanua, msomaji anahuzunikia ajira ambazo huenda hazijaondoka.

Hapo ndipo kazi na ajira zinapoachana. Chukua msafishaji wa kiwandani ambaye kazi yake imepewa mkandarasi. Kesho yake anafagia sakafu ileile kwa ufagio uleule. Kazi ipo, ajira yake ndiyo imebadilika, kwa kuwa mwajiri ni mwingine na mara nyingi marupurupu yamepungua. Tena takwimu sasa humhesabu katika sekta ya huduma, kwa hiyo viwanda vitaonekana kupungukiwa na wafanyakazi na huduma kukua, ilhali hakuna aliyesogea. Kuandika "ajira zimepotea" hapo ni kumpotosha msomaji, na kunyamaza kuhusu marupurupu yake ni kumdhulumu msafishaji.

Kama kazi zilivuka mpaka na watu wakaachishwa, andika: "Kampuni imehamishia kazi nchi nyingine na kuwaachisha wafanyakazi wake." Kama zilibaki palepale: "Kampuni imemkabidhi mkandarasi kazi ya usafi."