Jibu: Mbao zinapasuka nikizikunja kwenye omo ya jahazi la mfano

Salama ndugu. Nimekuelewa: jahazi la sm 60, mataruma (mbavu za chombo) yamekaa sawa, ila kila ubao ukifika omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, unapasuka, na ule mmoja uliokubali ukanyooka usiku ukang'oa gundi.

Kwanza tazama nyuzi za mbao. Zikikatiza upana badala ya kufuata urefu, hata uchemshe siku nzima utapasuka tu. Kisha pima unene. Kwa ukubwa huo mimi sivuki mm 2. Jahazi langu la kwanza nilitumia mm 4, nikavunja vipande saba ndipo nikashika adabu.

Ukiridhika, loweka kwenye maji ya moto nusu saa hivi, ukunje polepole juu ya bomba la chuma lililopashwa moto, upande utakaokuwa ndani ndio uguse bomba. Usitie gundi papo hapo! Ubane kwenye mataruma kwa vibanio vya nguo, uuache hadi kesho. Ubao mbichi hunywea ukikauka, nadhani ndicho kilichokupata.

Halafu ubao usibaki upana mmoja. Mwili wa chombo hupungua kuelekea omo, kwa hiyo chonga ncha iwe nyembamba, la sivyo mbao zitapandana. Pigilia mmoja kushoto, mmoja kulia; ukimaliza upande mmoja kwanza, mkuku, ule uti wa chini wa chombo, utapinda kama ndizi.

Mimi nimetumia mvule na msonobari tu, na mvule ulinitesa zaidi. Wako ni mti gani?