Kutafuta kikundi cha kuacha pombe Kisumu: anza na saa yako ya kiu

Watu wakishajua kwamba niliacha pombe, hunivuta pembeni na kuniuliza kikundi kizuri cha AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe) hapa Kisumu ni kipi. Nami huwauliza: wewe kiu hukushika saa ngapi? Yangu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, nikishafunga duka, makanga wa Kondele wanaita abiria na baa zimeshawasha taa. Kikundi cha Jumamosi asubuhi, hata kiwe na watu wazuri namna gani, kingenikuta nimeoga, nina akili timamu, halafu kiniache peke yangu jioni. Nikatafuta cha jioni.

Ila hospitali kwanza. Kama unakunywa kila siku, na ukichelewa kidogo mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usiache ghafla ukiwa nyumbani kwa kutegemea maombi na maji ya ndimu. Mwili uliozoea pombe ukiikosa kwa ghafla unaweza kushikwa na degedege, au ukaanza kuona vitu visivyokuwepo, hasa siku za mwanzo, na watu hufa. Muone daktari. Usipojua pa kuanzia, piga 1192, nambari isiyotozwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

AA ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa walevi 2 waliokaa wakazungumza wao kwa wao, na mpaka leo kazi ni hiyohiyo. Hakuna ada, kinachotakiwa ni nia ya kuacha kunywa, basi. Kikapu kitapitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya ukumbi, na ukiwa huna kitu unampitishia jirani. Kwa hiyo ukifika mahali ukadaiwa pesa za kujiandikisha, au ukauziwa unga wa kumtilia mlevi kwenye chai, shika njia urudi nyumbani. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, ambao ndugu yako anaweza kukusindikiza, au ni wa walevi wenyewe. Aliye na mume au mtoto mlevi atafute Al-Anon. Hiyo ni ya jamaa.

Kikundi cha kwanza nilichoenda hakikunifaa. Kilikuwa Kiingereza kitupu, wanaume wa suti wakizungumza kama wako kwenye kikao cha bodi. Walikuwa wanapona, sina neno nao, lakini aibu zangu mimi hazijui Kiingereza. Cha pili kilikuwa na viti vya plastiki, chupa ya chai ya maziwa na mandazi kwenye sinia. Mtu anaanza kwa Kiswahili, akizidiwa anaingia Dholuo, na hakuna anayemkatiza. Mama mmoja wa rika la mamangu akasimulia jinsi alivyoficha chang'aa kwenye mtungi wa mafuta taa ili wanawe wasiuguse. Nikaangua kicheko. Akanigeukia: "Nyathina (mwanangu), unacheka, yako ilikaa wapi?"

"Kwenye chupa ya siki, mama."

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Tangu hapo, mtu akiniuliza atajuaje kikundi kinamfaa, namwambia aangalie kama kuna jambo la namna hiyo analoweza kulisema pale. Usihukumu kwa mkutano mmoja lakini. Kuna siku mzungumzaji anachosha tu.

Wengi wanaogopa kuonekana. Kisumu watu wanajuana, ni kweli, lakini utakayemkuta mle ndani naye amekuja kwa shida ileile, na yanayosemwa yanabaki pale. Nawajua wanaokwenda mpaka Kakamega ili wasikutane na jirani. Kwa kuanza si vibaya. Shida ni nauli: siku ukiamka vibaya huna pesa, Kakamega itakuwa mbali sana na baa iko ng'ambo ya barabara.

Sala zipo, na vikundi vingi hukutana kwenye kumbi za makanisa, ila si vya kanisa. Mungu ni kwa namna kila mtu anavyomwelewa. Rafiki yangu Mwislamu wa Kaloleni hunyamaza wakati wa sala na hajawahi kuulizwa.

Ukiwa Ugunja au Budalang'i na hakuna kitu karibu, mikutano iko hata kwenye Zoom. Nunua bando, zima kamera, sikiliza. Na kwa utaratibu wa AA, walevi 2 au 3 wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi.

Kina dada, hili ni letu. Mikutano mingi imejaa wanaume, na wapo wachache wanaomwona mgeni aliyekuja akilia kuwa windo rahisi. Atakayejitolea kukupeleka nyumbani na gari lake siku ya kwanza, mshukuru, kisha panda boda ya mtu unayemjua. Mdhamini wako, yule wa kukushika mkono katika zile hatua 12 za AA za kupona, awe mwanamke. Kabla ya kutoka, chukua nambari za wanawake wawili watatu, na uwapigie siku ambayo huna kiu, mzungumze hata habari za bei ya omena. Siku kiu ikija, hutakuwa unampigia mgeni.