Kudiskonekti siyo kutoka, madogo

Madogo wa fildi nawapenda ila mnanichosha. Leo tena naingia seva naambiwa watu wamejaa, nichague wa kumtoa. Windows Server isiyo na RDS (huduma ya kuingiza watu wengi kwa rimoti) inaruhusu maadmini 2 tu kwa rimoti, na nafasi zote 2 zimekaliwa na watu ambao muda huo wako kantini.

1. Ukibonyeza kile ki-X cha juu hujatoka, umediskonekti. Programu zako na mafaili uliyofungua vyote vipo kule vinakula RAM. Kutoka ni kusaini auti.

2. Ukibadili paswedi, zungukia kwanza seva zote ulizoacha sesheni, yaani ulikoingia ukaondoka bila kusaini auti. Hii nimeilipia kwa aibu. Enzi nikiwa kama nyie nilibadili paswedi, kesho yake akaunti ikajifunga, nikafunguliwa, nikanywa chai, narudi imejifunga tena. Nikaamini nahakiwa. Nikaskani laptopu, nikafuta imeili kwenye simu, paswedi nikabadili tena, mwisho nikaiandikia idara nzima, bosi nikamweka CC, kwamba kuna mtu wa humu ndani anachezea akaunti yangu. Na kweli alikuwepo, ni mimi. Kulikuwa na dada mmoja wa domeini (mfumo unaotunza akaunti zetu zote), hana maneno mengi, akafungua logi akatafuta ivent 4740, ile ya akaunti kufungwa, maana inataja na mashine majaribio yanakotokea. Seva ya ripoti. Akapiga quser, amri ya kuorodhesha walio ndani ya seva, jina langu hilo hapo, Disc, yaani nimediskonekti tu, na programu niliyoiacha wazi bado inafuata mafaili ya seva nyingine kwa paswedi ya zamani. Akaandika logoff, amri ya kumtoa mtu, na ID ya sesheni yangu, akaondoka bila hata kuniangalia. Imeili ya kuomba radhi nayo ikabidi iende idara nzima.

3. Sasa msianze kusaini auti ovyo. Robokopi, ile ya kunakili mafaili, inatembea usiku, diskonekti uende nyumbani, ukisaini auti umeiua. Dogo mmoja kafanya hivyo juzi, bahati yake ukiirudia inaruka yaliyokwisha nakiliwa. Kazi ya kila siku iwekeni Task Scheduler, ijiendeshe yenyewe kwa ratiba.

4. Kabla hujamtoa mtu kwa logoff mpigie simu, huenda hajasevu.

5. Ukomo wa muda wa sesheni zilizodiskonekti unawekwa Group Policy (mipangilio ya pamoja ya domeini), ila msiguse bila kuniuliza, kuna seva moja ina programu ya kizee inayoishi ndani ya sesheni, ikifa hiyo uhasibu wote wanapanda huku juu.