Mbwa wa Faraja Akitulia Mno, Mtazame Vizuri

Kwa miezi kadhaa nilitamba kwamba mbwa wangu kazaliwa kwa kazi ya kufariji wagonjwa. Tukiingia wodini analala chini, anavutwa masikio, anakumbatiwa, wala hajitikisi. Siku moja tukitoka nikaona nyayo zake zinaacha alama za unyevu kwenye sakafu kavu. Maji hakuyakanyaga. Mbwa hutoka jasho nyayoni, na hofu humlowesha kama inavyokulowesha wewe viganja. Kumbe nilikuwa nikisifia utulivu wa kiumbe aliyekosa pa kukimbilia.

Ikabidi nianze kumsoma upya. Akipiga miayo anapoamka, huo ni usingizi tu. Akipiga miayo huku amekumbatiwa, akalamba pua na chakula hakipo, akageuza uso mpaka weupe wa jicho ukaonekana, anaomba nafasi. Na akijikung'uta kama aliyenyeshewa mara tu anapoachiwa, ujue kilichotangulia kilimlemea.

Mkia nao usikuhadae. Mwaka 2007 watafiti wa Italia, Quaranta, Siniscalchi na Vallortigara, walionyesha kuwa mbwa akimwona bwana wake, mkia huchezea zaidi upande wa kulia. Akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe, huelemea kushoto. Wao walipima kwa video. Mimi nilijaribu kwa macho, nikaambulia kizunguzungu. Wengine hupima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate, ila homoni hiyo hupanda hata mbwa akichangamkia mchezo, kwa hiyo kipimo peke yake hakitoshi.

Kipimo changu ni mkono. Mgonjwa ampapase sekunde tatu hivi, kisha aondoe mkono, angoje. Mbwa akijisogeza au akiusukuma mkono kwa pua, endelea. Akibaki kama gogo, usihesabu kwamba amekubali. Akigeuka, basi. Wagonjwa huelewa upesi. Wanaonuna ni ndugu zao wanaotaka picha moja zaidi. Wanune.

Siku hizi kamba naiacha ilegee, na pembeni natandika mkeka wake. Akishalala hapo haguswi na mtu, hata mimi. Ziara nazo nimezifupisha, kutoka saa nzima hadi dakika ishirini.

Juzi aliinuka katikati ya kupapaswa, akaenda zake mkekani. Nikaanza kumwomba radhi mzee tuliyemtembelea. Akacheka: "Mwache, mwanangu, naye kachoka." Tukabaki tunapiga soga sisi wawili.