Glovu ya kutwa nzima haikukingi na kipindupindu

SWALI: Ninauza chakula Buguruni. Kila tukisikia kipindupindu, wateja wanataka nivae glovu na barakoa. Pea moja naivaa asubuhi mpaka nafunga biashara. Inatosha? – Mama lishe

JIBU: Haitoshi, mama, na afadhali usiivae kabisa. Glovu hushika vimelea sawa na ngozi: umepokea noti, umefuta meza, umekata kachumbari, vyote kwa mkono uleule. Mkono mtupu ukichafuka utausikia na utanawa. Ndani ya glovu husikii kitu. Barakoa nayo haina kazi hapa, kwani kipindupindu huingia mdomoni kwa maji na chakula. Pesa hiyo nunua sabuni na ndoo yenye koki. Kachumbari pakua kwa kijiko, na anayepokea pesa asiwe anayepakua.

SWALI: Ndugu yangu akianza kuharisha na kutapika usiku, nimsafishe vipi nisiambukizwe? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Mnyweshe kwanza: pakiti 1 ya ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) katika lita 1 ya maji safi, kidogo kidogo, huku usafiri wa kwenda kituo cha afya ukitafutwa. Kinachoua ni maji yanayomtoka.

Hapa sasa glovu ina kazi. Soma kibandiko cha chupa ya jiki: ikiwa ni asilimia 3.5, changanya kikombe 1 na vikombe 6 vya maji. Ikiwa ni asilimia 5, kikombe 1 kwa 9. Usitie humo dawa nyingine ya choo, maana hewa inayotoka huumiza mapafu. Tengeneza upya kila siku, kwa sababu joto na jua huipunguza nguvu. Funika matapishi kwa kitambaa, mimina dawa juu yake taratibu, subiri dakika 10, ndipo ufute. Wengi hufuta kwanza, au humwaga kwa kishindo, na uchafu ukarukia miguuni na ukutani.

Hatari kubwa ipo kwenye kuvua. Bana glovu ya kwanza kwa nje, karibu na kifundo, uivute igeuke ndani nje, kisha uikunje katika kiganja chenye glovu. Ingiza kidole kitupu ndani ya ukingo wa ya pili, uigeuze iifunike ya kwanza. Tupa, nawa kwa sabuni. Glovu hizi nyembamba usizifue uzivae tena, hutoboka vitundu visivyoonekana. Zinazooshwa ni zile nene za mpira.

SWALI: Glovu hizohizo zingefaa kwa Marburg, homa ya virusi iliyotokea Kagera 2023 na 2025? – Msomaji, Temeke

JIBU: Hapana. Virusi hivyo hupitia majimaji ya mwili na kuingia hata machoni na kwenye michubuko. Wahudumu hufunika uso na mwili wote, na mwenzao huwasimamia wakivua. Aliyetoka kwenye mlipuko akipata homa, mtengee chumba, msimguse, msimpakie bajaji. Pigeni 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure.