Mnauliza, Tunajibu: Kutia Ngoma Kwenye Chaneli Tano

Salaam wahariri. Nataka kujiunga na watunzi wa muziki wa chipu, ule wenye milio ya michezo ya video ya zamani. Sina Game Boy, na laptopu yangu imezeeka. Nianzie wapi bila kutumia hela nyingi?
*Fundi simu, Kirumba, Mwanza*

Hela usiitoe bado. Game Boy ni mashine ya michezo ya mkononi ya 1989, na wengi wanaotunga kwa milio yake hutumia programu inayoiga chipu yake ya sauti. Kwa laptopu ya zamani yenye Windows, chukua FamiTracker: ni ya bure, ni nyepesi, na inaiga chipu ya NES, mashine ya zamani ya michezo ya Nintendo. Ukiizoea, hamia Furnace, ya bure pia, yenye chipu nyingi zikiwemo za Game Boy na kompyuta ya zamani ya Commodore 64. Usianze na Furnace. Mgeni akipewa chipu nyingi huishia kuzijaribu zote bila kumaliza wimbo, na katika jumuiya hii mtu hujulikana kwa wimbo alioumaliza, hata ukiwa wa sekunde 40.

NES ina chaneli tano: mbili za mawimbi ya mraba kwa melodi, ya pembetatu kwa besi, ya mvumo kwa ngoma, na ya tano hupiga vipande vya sauti vilivyorekodiwa. Kila chaneli hutoa noti moja tu kwa wakati. Ukitaka noti tatu za meja zisikike kama zimepigwa pamoja, andika 047 kwenye safu ya efekti. Kwa maina, 037. Efekti hii haikomi yenyewe. Ifunge kwa 000, la sivyo noti zote zinazofuata zitatetemeka.

Shikamooni. Natunga ngoma ya huku kwetu, ya mapigo ya tatu-tatu, lakini nikiiingiza kwenye programu inachechemea. Halafu ngoma kubwa haina kishindo, ni kelele tu kama mvua juu ya bati.
*Mpiga ngoma, Nansio, Ukerewe*

Marahaba. Tatizo la kwanza ni hesabu. FamiTracker hukufungulia ukurasa wa mistari 64 inayopigwa toka juu kwenda chini, mistari 4 kwa kila pigo, na 4 haigawanyiki kwa 3. Weka mistari 48, kisha weka alama za rangi kila mstari wa 6 na wa 24. Sasa kila pigo lina mistari 6. Tunashauri 6 badala ya 3 kwa sababu 6 inagawanyika kwa 2 na kwa 3: ngoma moja ikipiga mstari wa 0, 2 na 4, nyingine inaweza kupiga wa 0 na wa 3, nazo zikajibizana ndani ya pigo lilelile. Utamu wa ngoma zetu uko hapo, na inasikitisha kuona watunzi wakiuacha eti kwa kuwa programu ilifunguka na 64.

Mwendo nao utabadilika. Katika NTSC, yaani mpangilio wa NES za Marekani na Japani, tempo ikiwa 150, programu huhesabu tiki 60 kwa sekunde. Spidi 5 humaanisha kila mstari unakaa tiki 5. Mistari 12 kwa sekunde, yaani mapigo 120 kwa dakika. Spidi 6 hukupa mapigo 100. Kwa ngoma ya kuchezeka, anza na 5.

Kishindo usikitafute kwenye mvumo, haukibebi. Kipige kwenye pembetatu: tengeneza ala yenye arpejio (hatua za noti kupanda au kushuka kila tiki) 12 5 0 -6 -12 na kiwango cha sauti 15 15 15 15 0, noti ishuke kwa kasi kisha inyamaze. Juu yake weka mvumo wa tiki 2 tu, ndio mlio wa ngozi kuguswa. Kwa kuwa besi nayo inakaa kwenye pembetatu, ianze mstari unaofuata; sikio halitaona pengo. Kumbuka pembetatu haina sauti ya kati: 1 na 15 ni sawasawa, 0 ni kimya. Kwa ngoma ndogo tumia mvumo wenye sauti 15 11 8 5 3 1 0. Ukisahau ile 0 ya mwisho, mvumo utaendelea wimbo mzima, na hiyo ndiyo mvua yako ya bati. Kwa njuga, noti ya juu yenye 6 3 0 inatosha.

Shindano la kutunga wimbo kwa saa moja lilianza 18:00 UTC, saa za kimataifa. Nilipofika saa 12 jioni sikukuta mtu. Lililofuata nikatuma WAV, faili la sauti iliyorekodiwa, ikakataliwa. Kwa nini?
*Msomaji, Musoma*

Ongeza saa 3 kwenye UTC. 18:00 huko ni saa 3 usiku kwetu, si saa 12 jioni.

WAV hukataliwa kwa sababu wenzako wanataka kufungua faili lenyewe la kazi, la .ftm, waone ulivyopanga kila mstari. Hivyo ndivyo watu wanavyofundishana. Nalo linaokoa kifurushi: WAV ya dakika 3 ya stereo hufika MB 32, faili la kazi ni kilobaiti chache. Acha kutunga dakika ya 45, sikiliza toka mwanzo, hakikisha mwisho unarudi ulikokusudia, kisha tuma. Baadaye piga kura kwa nyimbo za wote na utoe maoni yanayoshikika. “Fremu (ukurasa) ya 03, mstari wa 24, besi inagongana na melodi” humfaa mtunzi kuliko “kali sana”.

Nimeazimwa Game Boy kwa onyesho. Nikiichomeka kwenye mixa, melodi inapotea. Imekufa?
*Mwanachuo, Nyegezi*

Haijakufa. Umechomeka jeki ya stereo kwenye tundu moja la mono lenye laini mbili. Mixa inaondoa sauti ya upande mmoja kwenye ya upande mwingine, na sauti iliyo sawa pande zote inafutika. Nunua waya wa jeki ya 3.5 mm unaogawanyika kuwa jeki mbili za mono za 6.35 mm, uchomeke kwenye chaneli mbili. Zima mwangwi wa mixa na upunguze treble, mawimbi ya mraba huumiza masikio kwenye spika kubwa. Tumia betri 4 za AA badala ya adapta, ambayo mara nyingi huingiza mngurumo wa umeme, na beba seti ya pili.