Re: Nijaze nini ndani ya ukuta wa jipsamu?
Kaka, kati ya pamba ya mawe (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) na ile fomu nyeupe (povu gumu la plastiki) ulizotaja, kwa ukuta unaogawa sebule na chumba weka pamba. Fomu haizuii sauti ya maana, na ikishika moto moshi wake ni sumu. Joto letu la Tabora linatoka kwenye bati, kwa hiyo ukuta wa ndani unapambana na kelele tu.

Ila ukuta ukiishia kwenye silingibodi, sauti inapita darini. Mimi nilijaza pamba vizuri kabisa, redio ya sebuleni ikaendelea kunisomea taarifa ya habari kitandani! Upandishe ukuta hadi kwenye kenchi (mbao zinazobeba paa), usiache upenyo chini ya bati, nyufa uzibe kwa silikoni. Fremu za mbao zipige dawa, mchwa wa huku unawajua. Vaa barakoa, pamba inawasha.